E220 pekee haitoshi

Umeuliza iwapo mtengenezaji wa matunda makavu yanayouzwa Ulaya anaweza kuandika "E220" tu kwenye lebo (msimbo wa dioksidi ya salfa, kihifadhi cha chakula cha kundi la salfaiti), ilhali wewe una pumu na salfaiti hukubana kifua. Hawezi. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1169 ya mwaka 2011 inataka jina lenyewe, yaani salfaiti au dioksidi ya salfa, litajwe na litofautishwe na viambato vingine, kwa mfano kwa herufi nzito, pindi kiasi chake kinapozidi miligramu 10 kwa kila kilo au lita, kikihesabiwa kama dioksidi ya salfa. Chini ya hapo mtengenezaji halazimiki kutoa tahadhari hiyo, kwa hiyo lebo isiyotaja salfaiti si uthibitisho kwamba hazimo kabisa. Sheria inaziorodhesha pamoja na vyanzo vya mzio kama karanga na maziwa, ingawa kwa watu wengi tatizo hili si mzio halisi. Mvinyo nao haukusamehewa. Kwa aprikoti, rangi hudokeza mapema: zenye rangi ya chungwa inayong'aa kwa kawaida zimefukizwa kwa salfa, na zisizofukizwa huwa za kahawia.