Uvimbe kwenye Mimea: Majibu kwa Wasomaji

Miwaridi yangu hapa Lang'ata imeota uvimbe wa ukubwa wa ngumi pale shina linapoingia ardhini. Niliukata, ukarudi. Dawa yake ni ipi? – Mama wa bustani

Pole sana, mama. Hakuna dawa ya kunyunyiza itakayouponya, na anayekuuzia chupa kwa ahadi hiyo anakula pesa zako bure. Chanzo ni bakteria wa udongoni aitwaye Agrobacterium tumefaciens, ambaye Smith na Townsend walimtambua huko Marekani mwaka 1907. Hupenyea penye jeraha: palipopita makasi, palipounganishwa mche na mche, palipokwaruzwa na jembe. Akishaingia hupachika kipande cha vinasaba vyake ndani ya seli za mmea, na seli hizo huanza kujitengenezea homoni za kukua bila kipimo. Ndiyo maana uvimbe unarudi: hata bakteria akiisha, seli zilizogeuzwa bado zimo. Ukiwa mchanga huwa laini na mweupe. Ukikomaa huwa mweusi, mgumu, wenye nyufa.

Basi ng'oa mwaridi wote na mizizi yake, uchome. Usiutupe kwenye mboji. Makasi yaoshe kwa Jik, sehemu 1 kwa 9 za maji, kabla ya kugusa mmea mwingine. Hapo usirudishe waridi kwa miaka 3 hivi. Panda mahindi, hayapati ugonjwa huu. Na ukinunua miche kando ya barabara, mwombe muuzaji afungue karatasi uone shingo ya mche. Akikataa, nenda kwa mwingine.

Nimeng'oa maharagwe nikakuta vinundu tele mizizini. Niyachome? – Kahawa West

Usichome! Hivyo vina bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Kipasue kimoja kwa ukucha: kikiwa chekundu ndani, kinafanya kazi. Lakini jaribu kukibandua kwa kidole. Kikitoka kirahisi, ni chema. Kama mzizi wenyewe ndio uliovimba na fundo halibanduki, hao ni minyoo wadogo wasioonekana kwa macho, walewale wanaoharibu nyanya. Hapo ukitaka kupanda nyanya, tafuta mbegu zinazostahimili minyoo, na usizipande shamba lilelile kila msimu.

Sukuma wiki yangu inanyauka mchana, jioni inaamka. Mizizi imenenepa kama vidole. Tunaweza kuila? – Dagoretti

Majani kuleni, hayana madhara kwa mtu. Shida iko udongoni: vimelea vya ugonjwa huu huweza kukaa humo zaidi ya miaka 10, na hupenda udongo wenye asidi. Pima udongo kwanza, kisha tia chokaa ya kilimo hadi pH (kipimo cha asidi ya udongo) ifike 7.2 hivi. Chokaa hupunguza ugonjwa, haiumalizi. Kabichi nayo huupata, kwa hiyo isiwe ndiyo mbadala wako. Weka vitunguu au mahindi. Jirani akikuazima jembe, lioshe matope yote kabla ya kumrudishia, na miche ya shamba hilo usimgawie mtu.