Usimlazimishe kusema "nimekusamehe"

Mwanangu mpendwa,

Bwana asifiwe. Umeniuliza hivi: kaka mtu, mwenye miaka 10, alichokonoa kibubu cha mdogo wake wa miaka 7, akatoa shilingi 3,000 na kuzimalizia kwenye ubuyu na karanga. Ulimwita, akasema "samahani". Ukamgeukia binti: "Haya, mwambie umemsamehe." Akasema huku amenuna. Usiku ule ule ukamkuta anachana daftari la hesabu la kaka yake. Unataka kujua ulikosea wapi, na utafanyaje mtoto akigoma kusamehe wakati Yesu mwenyewe alisema saba mara sabini.

Ulikosea mahali pamoja tu: ulifuta deni lisilo lako, tena kabla halijahesabiwa. Anayedai ni binti. Wewe ulisimama katikati kama karani, ukachora mstari, ukamwambia atie sahihi. Alipochana daftari alikuwa anajilipa.

Nasema deni kwa makusudi. Kanisani watoto husali "utusamehe makosa yetu", lakini wafungulie Mathayo 6:12 katika Biblia ya Union Version wasome wenyewe: "Utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu." Deni mtoto analijua. Amemwona mwenye duka akiandika jina na kiasi kwenye daftari lake la mikopo. Kusamehe ni mwenye kudai kulipiga mstari jina hilo kwa mkono wake, na ukurasa ukiwa mtupu hakuna cha kupigwa mstari. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuandika: nini kimechukuliwa, cha nani, na kimeumiza nini. Fedha ni 3,000. Kibubu nacho kimeharibika. Halafu kuna lile ambalo halina bei, kwamba sasa binti analala akijiuliza kama vitu vyake viko salama ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Hesabu hiyo ifanyike faragha. Mathayo 18:15 inaanza na wewe na yeye peke yenu, kisha mmoja au wawili, kanisa linakuja mwisho kabisa. Nyumbani tunapindua mpango huo, mtoto anasimamishwa sebuleni mbele ya shangazi na wageni. Atasema lolote ili aondoke pale, na atakachokumbuka ni aibu, si kosa.

Sasa maneno. Kiswahili kinatupa matatu na watoto wanayachanganya. "Pole" ni ya kumhurumia mtu, hata kwa jambo ambalo hukulifanya. "Samahani" tunaitumia hata kupenya kwenye daladala. "Nisamehe" ndilo ombi, na ombi hukubaliwa au hukataliwa. Mfundishe kijana aseme sentensi nne, kwa sauti yake: "Nilitoa shilingi elfu tatu kwenye kibubu chako bila ruhusa. Nilifanya vibaya. Nitazirudisha. Naomba unisamehe." Sentensi ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo watakayoiruka. Sikiliza maneno mawili yanayoharibu kila kitu: "kama" (kama nimekukosea) na "lakini" (lakini na wewe juzi ulinichokoza). Akiyasema, usimkaripie. Mwambie aanze upya. Kama hayuko tayari, aende akae kwanza. Ombi la uongo ni afadhali lisisemwe.

Kurudisha ni sehemu ya toba, si adhabu ya ziada. Sheria ya Hesabu 5:7 ilimtaka mkosaji akiri, arudishe chote, na aongeze sehemu ya tano. Kwa kijana wako ni 3,000 na 600, jumla 3,600. Zakayo, yule mtoza ushuru, alijipangia mara nne, lakini alijipangia mwenyewe, kwa hiyo wewe usimpangie mtoto mara nne. Umesema anapata 200 kila siku ya shule, yaani 1,000 kwa wiki. Akitoa 600 kila Ijumaa atalipa kwa wiki sita, na kwa umri wake ni nyingi mno. Atachoka, na kwa kuchoka atamchukia dada yake. Gawa: 1,800 alipe kwa fedha katika wiki tatu, 1,800 alipe kwa kazi, kwa mfano kuosha vyombo zamu za dada yake. Binti akubali kwanza, maana deni ni lake. Fedha azikabidhi mwenyewe, mkononi mwa dada yake. Wewe usimlipie kwa siri. Kama huna budi kumsaidia, fanya wazi, kama Paulo alivyomwandikia Filemoni kwamba deni la mtumwa wake Onesimo liandikwe juu yake yeye Paulo. Hapo mtoto anaona kwamba deni likisamehewa kuna mtu amelibeba, na msalaba utaanza kumwelea bila mahubiri marefu.

Huenda katikati ya wiki ya pili binti atasema, "Basi, imetosha." Usimdokeze. Asiposema, kaka amalize kulipa. Na akishalipa yote, bado litabaki lile lisilo na bei, ambalo hata ziada ile ya 600 hailigusi. Lile haliwezi kulipwa, ndilo la kusamehewa tu.

Binti naye anahitaji maneno. Akiombwa msamaha, awe na majibu matatu ya kuchagua: "nimekusamehe", au "bado naumia, nipe muda", au "nirudishie kwanza". Moja tu mkataze: "si kitu". Tunalipenda kwa ajili ya adabu, lakini linamaanisha kosa halikuwepo, na kosa ambalo halikuwepo halisamehewi. Ni sawa na ile "yaliyopita si ndwele" inayosemwa asubuhi wakati jambo limetokea jana jioni.

Daftari lililochanwa ni deni lingine. Msiyafute kwa kuyagonganisha, "mmeshalipizana, yameisha." Kila mmoja anadaiwa lake. Binti aseme zile sentensi nne, akae na gundi na karatasi, abandike kurasa, na zile zisizobandikika azinakili kwenye daftari jipya. Mwandiko wa miaka 7 utamkera kaka yake, avumilie.

Najua utaniambia: Waefeso 4:26, jua lisichwe mkiwa bado na hasira. Aya hiyo inakataza kuilea hasira hadi ilale nanyi. Haisemi mtoto atamke neno fulani kabla ya saa 12 jioni. Usiku, kaeni kitandani, mwulize hasira iko wapi, tumboni au kooni. Kisha mwache amwambie Mungu kama ilivyo: "Mungu, nimemkasirikia kaka. Sitaki kumsamehe. Nisaidie nitake." Zaburi ya 13 inaanza kwa kulalamika, "hata lini", wala Mungu hakuifuta kwenye Biblia. Ikipita siku ya nne au ya tano bado amenuna, chunguza kama kuna deni la zamani ambalo hamjaliandika. Mara nyingi lipo. Mdogo wao wa miaka 3 msimhusishe na haya yote. Kwake inatosha kurudisha kijiko alichopokonya.

Hiyo saba mara sabini wafundishe kwa mchele. Petro aliuliza, na Yesu akajibu kwa mfano wa mtumwa aliyesamehewa talanta 10,000 kisha akamkaba koo mwenzake kwa dinari 100. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari moja ni ujira wa kibarua wa siku moja, kama Mathayo 20:2 inavyoonyesha. Kwa hiyo mtumwa alidaiwa siku milioni 60. Akifanya kazi siku 300 kwa mwaka, ni miaka 200,000. Ndiyo maana "nivumilie, nami nitakulipa yote pia" inapaswa kuwachekesha watoto. Waache wacheke. Sasa gawanya: deni kubwa ni mara 600,000 ya dogo. Kilo ya mchele ina punje kama 40,000 hadi 50,000, kutegemea aina, kwa hiyo punje 600,000 ni kilo 12 hadi 15, debe lisilojaa sana. Weka debe upande mmoja na punje moja kwenye kiganja cha kijana. Mwambie: hili debe ndilo nililosamehewa mimi, na hii punje ndiyo ninayoidai.

Wahubiri wengi hukosea hapa. Husema dinari 100 si kitu. Ni mshahara wa siku 100! Kibarua akidhulumiwa kiasi hicho watoto wanalala njaa. Yesu hakusema deni dogo ni la kupuuzwa, alilipima kando ya lile kubwa. Usimwambie binti kwamba 3,000 ni fedha ndogo. Kwake ni miezi ya kuweka akiba.

Kibubu sasa kikae kwenye kabati lako la nguo, hata baada ya kusameheana. Kijana akilalamika kwamba "si amenisamehe?", mweleze kwamba msamaha hutolewa na uaminifu hujengwa. Msomee habari za Yusufu kwa mtiririko, Mwanzo 37 hadi 50, sura moja kila jioni. Aliuzwa kwa vipande 20 vya fedha akiwa na miaka 17, na alipojitambulisha kwa ndugu zake ilikuwa imepita miaka kama 22. Kabla ya hapo aliwajaribu kwa kikombe cha fedha, aone kama wangemwacha Benjamini, mdogo wao, walivyomwacha yeye. Ndugu yao Yuda alipojitoa abaki badala ya Benjamini, ndipo Yusufu akalia kwa sauti. Wape muda wa kuulizana kwa nini hakujitambulisha siku ya kwanza.

Kuna jambo moja ambalo mpango huu hauligusi kabisa. Mtu mzima au kijana mkubwa akimshika mtoto vibaya au kumuumiza, hakuna kikao cha kusameheana, hata awe mjomba, hata awe mzee wa kanisa. "Yaishe kifamilia" ndiyo kauli inayowaua watoto wetu. Mlango ule ule wa Mathayo 18 wenye saba mara sabini ndio wenye jiwe la kusagia shingoni mwa anayemkosesha mdogo mmoja. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii, au piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Mtoto asiambiwe amsalimie mtu huyo, wala asiambiwe kwamba Mungu anamtaka amsamehe leo. Hilo litakuwa kati yake na Mungu, miaka atakayohitaji.

Lililobaki ni lako. Usianze na kijana, anza na binti, kwa kuwa wewe nawe unadaiwa. Keti chini macho yenu yalingane, useme: "Nilikulazimisha kusema umesamehe kabla hujasikilizwa. Nilifanya vibaya. Sitafanya tena hivyo. Naomba unisamehe." Usiongeze kwamba ulikuwa umechoka. Akijibu "bado", itikia, kisha mwendelee na chai yenu.

Msalimie mkwe wangu na watoto.

Mama yako