Dubai hadi Guangzhou: jinsi ya kusoma saa za tiketi

Kutoka Dubai hadi Guangzhou kwa njia fupi ya angani ni kilomita 5,830 hivi. Ndege kubwa ya abiria hukata kama kilomita 900 kwa saa ikishafika juu, kwa hiyo ukigawanya unapata saa 6 na nusu. Ongeza dakika 40 za kuzunguka uwanjani, kupaa na kushuka: saa 7 na dakika 10.

Hesabu hiyo haijatia upepo. Huko juu, mita 10,000 na zaidi, upepo wa njia hii huvuma kutoka magharibi, na miezi ya Desemba hadi Machi huzidi nguvu. Kwenda unakusukuma, kurudi ni wa mbisho. Ukipunguza mwendo kwa kilomita 100 tu kwa saa, safari ya kurudi inafika saa 8 kamili.

Kinachowapoteza wasafiri wengi ni saa za tiketi. Kila saa iliyoandikwa ni ya mji husika, na Guangzhou iko mbele ya Dubai kwa saa 4, mwaka mzima, maana nchi zote mbili hazibadilishi saa kwa majira. Tiketi ikisema 10:30 hadi 21:45, utaona saa 11 na robo. Toa 4: umekaa angani saa 7 na robo. Kurudi, 00:15 hadi 04:30 inaonekana saa 4 na robo. Hapo ongeza 4, ni saa 8 na robo.

Hiyo 00:15 iangalie mara mbili. Ni saa sita na robo usiku, na ikiandikwa Ijumaa maana yake ni usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Anayekwenda uwanjani Ijumaa jioni anakuta ndege iliondoka karibu siku nzima nyuma, na tiketi ya namna hiyo mara nyingi hairudishiwi fedha.

Kwa anayeunganisha kwenda Dar es Salaam au Mombasa, hesabu muda wa kusubiri kwa saa za Dubai peke yake. Kama safari yote iko kwenye tiketi moja, saa 2 hadi 3 zinatosha. Ukinunua tiketi mbili mbalimbali, weka zisizopungua 5: itabidi upite uhamiaji, uchukue mizigo na kuikabidhi upya, na kaunta hufungwa saa nzima au zaidi kabla ya ndege kuondoka. Ukiwa na maboksi ya biashara, ongeza tena. Hakikisha pia viza ya kuingia Dubai unayo, na kwamba tiketi ya pili inaanzia DXB, uwanja mkuu wa Dubai. DWC ni uwanja mwingine, upande wa pili wa mji.

Mara chache njia yenyewe hurefuka. Februari 2019 Pakistani ilipofunga anga lake, ndege nyingi za kati ya Ghuba na mashariki zililazimika kuzunguka, na hali hiyo iliendelea hadi Julai. Kukiwa na mvutano eneo hilo, angalia muda mpya wa kutua siku moja kabla ya safari.