RTX 3080 mtumba iliyochimba kripto au RTX 4060 mpya?

Swali: Fundi habari. Nataka kadi ya grafiki ya gemu na kuediti video kidogo. Kuna jamaa anauza RTX 3080 ya GB 10 mtumba, bei inakaribiana na RTX 4060 mpya ya dukani. Amesema wazi ilikuwa inachimba kripto. Pawa saplai yangu ni wati 550. Nichukue ipi?

Jibu: Salama mkuu. Kwa nguvu 3080 inaiacha 4060 mbali, ni ya 2020 lakini hadi leo inakimbizana na 4070. Ila wewe hata kabla ya hayo ya kripto umeshakwama kwenye saplai, maana 3080 inakula wati 320 peke yake na Nvidia, watengenezaji wake, wanashauri saplai ya 750, wakati 4060 inakula 115 tu na hiyo 550 yako inaitosha. Kwa hiyo bei ya huo mtumba jumlisha na saplai mpya ndo ulinganishe. Usiseme utaijaribu hivyohivyo, itawaka fresh, hata gemu itacheza kidogo, halafu mzigo ukipanda ghafla kompyuta inazima pu, na hapo wengi wanaanza kugombana na aliyewauzia kadi wakati kadi haina kosa.

Sasa kripto. Sarafu ya Ethereum iliacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki Septemba 2022, ndo maana kadi za hivyo zilimwagika sokoni. Kazi ile ilikuwa inabana memori zaidi kuliko chipu, wachimbaji wengi walipunguza umeme wa chipu ili bili isiwaue, so chipu mara nyingi iko poa. Kinachochoka ni feni na zile pedi laini zinazopitisha joto kutoka kwenye memori kwenda hitsinki, kile chuma cha kupoza, na 3080 ina memori ya aina ya GDDR6X ambayo inachemka balaa.

Mwambie aiwashe mbele yako, fungua programu ya HWiNFO, angalia joto la memori na sio la chipu, la chipu litakudanganya. Ipige mzigo nusu saa. Ikitulia kwenye nyuzi 90 na kitu hakuna shida, ikigonga 110 itajipunguza spidi yenyewe, hapo pedi zimekwisha. Zinabadilishwa, shusha bei, ila unene wa pedi unatofautiana kila modeli na ukiweka nene sana hitsinki haikai vizuri juu ya chipu, unatibu memori unaua chipu. Sikiliza na feni kama zinakwaruza. Ukiona vidoti vya rangi au mistari kwenye skrini ondoka, hata akikupa kwa bei ya kutupa. Na akikataa kupima, basi ujue.

Mimi kwa hali yako ningechukua 4060, ina waranti, na inaenkodi AV1 (mfumo mpya wa kubana video) kwenye chipu yake, kitu ambacho 3080 haina, kwa video utakipenda. Memori yake ya GB 8 ni chache kwa gemu mpya ukiweka tekscha (picha zinazovikwa vitu ndani ya gemu) juu kabisa, hapo utazishusha kidogo, kwa 1080p inavumilika. Ila kama monita yako ni ya 1440p na saplai utanunua, chukua 3080 ikishapita hiyo nusu saa, na ukiifunga tumia nyaya tofauti kutoka kwenye saplai kwa kila soketi ya kadi, achana na ule waya mmoja wenye vichwa viwili.