Jibu: Mkunjo na vishimo kwenye gololi, ni vya kiwandani au imegongwa?

Umeuliza kama mkunjo na vishimo kwenye gololi yako ya kioo ni vya kiwandani au vimetokana na kugongwa. Mkunjo, kwa jinsi ulivyoueleza, ni wa kiwandani. Mkasi wa mashine hukata mkondo wa kioo kilichoyeyuka, kipande huangukia kwenye roli zenye mifereji na kuviringika huku kikipoa. Kikiwahi kupoa, alama ya mkasi haijifuti. Hubaki mstari au mkunjo, wakati mwingine pande mbili zinazokabiliana.

Vishimo ndivyo vya kuchunguza. Osha kwa maji vuguvugu na sabuni (ya moto yanaweza kuipasua), kausha, kisha iangalie kwa lenzi ya mara 10, taa ikimulika kutoka ubavuni. Kingo laini, zinazong'aa: kiputo kilipasuka usoni kioo kikiwa bado moto. Kingo kali zinazokwaruza ukucha, na ndani mawimbi kama ya gamba la chaza: imemeguka. Ukiona kijimwezi (ufa mdogo wenye umbo la mwezi mwandamo) chini ya uso, hilo ni pigo, hata kama kidole hakihisi kitu.

Na tafadhali usiing'arishe kwa mashine. Utapunguza kipenyo na kuondoa uso wake wa asili, ambao wakusanyaji huuthamini kuliko mng'ao.