Kuonesha sura kwenye video za mapishi: mimi nilikaa miaka miwili na mikono tu

Dada uliyeuliza kama utatoboa na chaneli ya mapishi bila kuonesha sura, wakati mumeo hataki na mashoga zako wanakwambia bila sura hakuna kitu, ngoja nikupe ya kwangu maana nimepita kote.

Mimi napika vitumbua na maandazi, nipo Tanga. Nilianza 2021 na mikono tu, simu nimeifunga kwa mpira kwenye mwiko mrefu, mwiko nimeulaza juu ya madebe mawili, kamera inaangalia chini kwenye chuma cha vitumbua. Na watu walikuja, kwasababu mtu ambaye vitumbua vyake vinaganda kwenye chuma hana shida na uso wangu, anataka kuona uji wenyewe ukimiminwa, kama ni mzito au unateremka vizuri, na pale pembeni panapoanza kukauka ndo unachomeka kijiti unageuza. Video yangu iliyotazamwa kuliko zote mpaka leo haina sura.

Kwahiyo wanaosema YouTube hawalipi bila sura wanakudanganya. Kwa video ndefu wanataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, uso haumo kwenye masharti. Ila wao watakujua tu, maana hela ikifika dola 10 wanakutumia barua yenye namba ya siri kwenye anwani yako, yangu ilikuja kwenye sanduku la posta la kazini kwa kaka yangu.

Sasa kitu ambacho sikuambiwa na mtu, kuficha sura sio kujificha. Haikupita miezi minne mamamkwe akapiga simu, "mwanangu, huyu anayepika kwenye simu ya jirani si wewe?" Alijua kwa sauti na kovu la mafuta kwenye kidole gumba. Mume wangu alikuwa anajua, mama sikumwambia, na aliumia kweli, sio kwasababu ya video, ni kwasababu aliisikia kwa watu. Wewe anza na wa nyumbani kwako kabla hujaposti hata moja, na kwa mumeo usifanye kwa kificho kabisa.

Sura nilionesha 2023 nilipoanza kuuza darasa, elfu kumi kumi, maana watu walikuwa wanaogopa kutuma hela kwa mikono isiyo na mwenyewe, na kwakweli wateja waliongezeka. Baada ya miezi kadhaa mtu akachukua picha yangu akafungua ukurasa Facebook kwa jina langu, akapokea hela za watu. Mama mmoja wa Morogoro alinipigia analia, katuma elfu arobaini na tano ya mtaji wake. Tuliripoti ukafungwa, ukafunguliwa mwingine. Video unaweza kuifuta lakini waliopakua wameshapakua, uso haurudi.

Kama unatafuta watazamaji tu, baki na mikono. Kama unauza, sura inasaidia sana, ila kila video taja namba yako moja ya malipo na useme huna nyingine. Watoto usiwaoneshe hata ukishajionesha wewe, wa kwangu alipita nyuma siku moja nikakata kipande chote nikapika upya.

Ukikwama kufunga simu juu ya jiko niambie, nitakupigia picha ule mwiko.