Je, nyongeza ya 12% inatosha kuhamia jiji lenye gharama zaidi?

Swali: Nimepata ofa ya kazi katika jiji jingine. Tovuti ya kulinganisha gharama za maisha inalipatia jiji hilo fahirisi (namba ya kulinganisha bei) ya 84, na ninapoishi sasa 75. Mwajiri anasema tofauti ni 12%, kwa hiyo ataniongezea mshahara kwa 12% na maisha yangu hayatabadilika. Nimepanga nyumba, na kila mwezi nawatumia wazazi wangu fedha. Nikubali?

Jibu: Usikubali kwanza. Kugawanya 84 kwa 75 kunaleta 1.12 kweli, ila namba hizo mbili hazikupimwa kwa matumizi yako.

Anza kwa kuangalia fahirisi hiyo imejumuisha nini. Tovuti ya Numbeo, kwa mfano, huipa New York 100 na kupima majiji mengine kwa kulinganisha nayo, lakini fahirisi yake ya gharama za maisha haina kodi ya nyumba ndani yake. Kodi ina fahirisi yake peke yake, na iko nyingine inayozijumlisha zote mbili. Wengi husoma ile ya kwanza wakidhani wameona kila kitu, na kumbe kodi ndiyo inayotofautiana sana kati ya jiji na jiji. Bei zake nyingi pia huingizwa na watumiaji wenyewe, kwa hiyo jiji lenye wachangiaji wachache huwa na takwimu dhaifu. Orodha ya majiji ya kampuni ya ushauri ya Mercer nayo hutengenezwa kwa ajili ya kampuni zinazopeleka wafanyakazi nchi za nje. Kapu lake la bidhaa, yaani orodha ya vitu ambavyo bei zake hupimwa, ni la mfanyakazi wa aina hiyo.

Kapu ndilo kiini cha suala lako. Mwaka 1857 mtakwimu Mjerumani Ernst Engel alionyesha kwamba kadiri kipato cha familia kinavyokuwa kidogo, ndivyo chakula kinavyochukua sehemu kubwa zaidi ya matumizi yake. Kwa hiyo watu wawili wanaohama siku moja kutoka jiji lilelile kwenda jiji lilelile wanaweza kupata ongezeko la gharama tofauti kabisa. Tumia kapu lako mwenyewe.

Chukua matumizi yako ya miezi mitatu, tafuta wastani wa mwezi, kisha uuite 100. Tuseme kodi ya nyumba ni 40, chakula 20, usafiri 10, na mengineyo 30. Sasa tafuta bei za jiji jipya kwa kila fungu. Tuseme kodi iko juu kwa 50%, chakula kiko chini kwa 10%, nauli ni mara mbili, na mengineyo hayabadiliki. Unapata 60, 18, 20 na 30, jumla 128. Gharama zako zimepanda kwa 28%.

Tuendelee na wazazi. Kama mshahara unaobaki mkononi ni 125, leo unatumia 100 na kubaki na 25 za kutuma na kuweka akiba. Ukiongezewa 12% utapata 140. Toa 128, zinabaki 12. Kiasi unachowatumia wazazi na kuweka akiba kimepungua zaidi ya nusu, ingawa barua ya ofa inaonyesha mshahara mkubwa. Lakini pia huhitaji nyongeza ya 28%, kwa sababu wazazi hawahami na mahitaji yao hayapandi kwa bei za jiji jipya. Unahitaji 128 na 25, yaani 153, ambayo ni nyongeza ya 22.4%. Weka namba zako halisi mahali pa hizi za mfano, kisha ndiyo uende na hesabu hiyo kwa mwajiri.

Nyongeza hiyo ni ya fedha za mkononi. Pale kodi ya mapato inapopanda kwa viwango, nyongeza huangukia kiwango cha juu zaidi, kwa hiyo mshahara kabla ya makato lazima upande kwa zaidi ya 22.4%. Mwombe akuandikie makadirio ya mshahara baada ya makato yote.

Kwenye kodi ya nyumba usitegemee wastani wa jiji. Wastani unaweza kujumuisha wapangaji wa zamani wenye mikataba ya bei nafuu, ambayo wewe mgeni hutaipata. Tazama matangazo ya sasa ya nyumba za ukubwa unaouhitaji, zilizo umbali wa kwenda kazini unaoweza kuuvumilia. Hapo rudia hesabu mara ya pili kwa jinsi utakavyoishi kweli: pengine utalipa kodi kubwa zaidi karibu na kazi na nauli ikatoweka. Hesabu ya kapu la zamani kwa bei mpya huwa inaonyesha gharama kubwa kupita kiasi, kwa kuwa watu hubadili matumizi yao kufuata bei.

Mwisho, gharama za kuhama zenyewe: amana ya nyumba, usafirishaji wa mizigo, samani. Zigawanye kwa idadi ya miezi ya mkataba wako wa kazi, au mwombe mwajiri azilipe kando. Ombi hilo mara nyingi hukubaliwa kwa urahisi kuliko la mshahara, kwa sababu kwake ni malipo ya mara moja.